Kano ya kisigino iliyokatika kitambo: kurefusha au kuhamisha kano nyingine?

Mzee_wa_Mbio: Wakuu, naomba mawazo. Kano yangu ya Akile (hii ya nyuma ya kisigino) ilikatika miezi kadhaa iliyopita, nikaambiwa nimeteguka tu, nikachuliwa dawa. Sasa natembea kwa kuchechemea, na kusimamia vidole kwa mguu huu peke yake siwezi kabisa. Picha ya MRI inaonyesha pengo la sentimita 5 hivi. Daktari mmoja anasema atairefusha, mwingine anataka kuhamisha kano ya kidole gumba cha mguu. Ipi afadhali?

Bi_Tausi: Pole sana mkuu. Ikishapita wiki 4 hadi 6 jeraha hilo huhesabiwa sugu: msuli wa shavu la mguu umejikunja kwenda juu, na katikati pamejaa kovu. Kovu hilo lazima likatwe, kwa hiyo pengo la kwenye picha si lazima liwe ndilo litakaloonekana kwenye meza ya upasuaji. Kwa kawaida pengo la sentimita 1 hadi 2 huunganishwa ncha kwa ncha. 2 hadi 5 hurefushwa. Likizidi 5 ndipo kano nyingine huitwa. Wewe uko mpakani kabisa, sishangai madaktari wametofautiana.

Kigimbi: Kidole gumba tena? Si utaanguka kifudifudi!

Daktari_Mstaafu: Haanguki. Kano ya kukunja kidole gumba inapita jirani kabisa na ya Akile, hufanya kazi wakati uleule wa hatua, na nyama yake inashuka chini sana, kwa hiyo inaleta damu pale penye uhaba wa damu. Huchomekwa kwenye mfupa wa kisigino na kukazwa kwa skrubu. Utakachopoteza ni nguvu ya kukandamiza kwa kidole hicho. Matembezi ya kawaida wengi hawaoni tofauti, ila mkimbiaji wa mbio fupi anaweza kuiona.

Kurefusha ni hivi: utando wa juu wa msuli unachanjwa mfano wa V iliyopinduliwa, mikono yake mirefu kuliko pengo, msuli unavutwa chini, kisha panashonwa kama Y. Unabaki na kano yako, lakini ukivuta mno msuli unabaki dhaifu. Kwako ningeuliza kama zinaweza kufanywa zote mbili pamoja. Inafanyika sana.

Bi_Tausi: Na uliza ngozi! Nyuma ya kisigino ni nyembamba, kidonda kinaweza kugoma kufunga. Kama unavuta sigara, acha kabla. Kisukari nacho kidhibitiwe kwanza.

Mama_Fizio: Mnajadili kisu tu. Baada ya hapo kuna plasta au buti, mguu umeelekezwa chini, halafu unainuliwa kidogokidogo kwa wiki nyingi. Nimeona kazi nzuri ya upasuaji ikiharibika kwa sababu mtu aliwahi kunyoosha kifundo, kano ikalegea. Mbio ni miezi 6 hadi 12 baada ya upasuaji, usikimbizane na mtu.

Mzee_wa_Mbio: Na nisipopasuliwa?

Daktari_Mstaafu: Kwa mzee asiyetembea sana, au mwenye ngozi na mishipa mibovu, kifaa cha kushikilia kifundo kinatosha. Wewe unataka kukimbia. Rudi kwa hao wawili na swali moja: "Ukifungua ukakuta pengo ni 7, utafanya nini?" Mwenye jibu tayari, mpe mguu.