Betri ya drili imegoma kuchaji, kijana wangu anataka kuishtua kwa waya

FundiAlumini_Mza
Wakuu, habari za kazi. Nafunga madirisha ya alumini hapa Mwanza. Drili yangu ni ya volti 18, ina betri mbili. Moja ilikaa kwenye boksi ikiwa imeisha, tangu kabla ya masika. Sasa nikiichomeka, taa nyekundu na ya kijani zinapokezana tu, chaji haiingii. Kijana wangu anasema kuna fundi simu huwa anazishtua: betri nzima na iliyokufa, waya chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, dakika chache chaja inaikubali. Kuna aliyejaribu? Halafu hapa saiti tundu la umeme liko nje, tunachaji juani.

MzeeSpana
Mkatalie huyo kijana leo hii hii. Humo ndani kuna seli za lithiamu, tano kwa mfululizo. Kila moja ikijaa ina volti 4.2, jumla 21 (ile 18 ya kwenye drili ni wastani wakati wa kazi). Seli ikishuka sana, tuseme chini ya volti 2, ikakaa hivyo miezi, shaba iliyomo ndani yake inaweza kuanza kuyeyuka. Ukiijaza tena, shaba ile inaweza kuganda pasipo pake na kuleta shoti ndani kwa ndani, ambayo huioni wala huisikii. Ukiishtua itachaji kweli, na drili itazunguka. Ndiyo maana watu wanaamini. Siku ya kuwaka haikuagi, na mara nyingi iko kwenye chaja wakati huo. Chaja yako haina ukorofi, imepima ikakataa.

Tena waya mtupu hauna cha kupunguza mkondo. Iliyojaa itajimwaga yote kwenye iliyokufa, na unaweza kupoteza zote mbili.

Jua nalo acha. Watengenezaji wengi wanaandika mwisho wa kuchaji ni nyuzi 40. Betri iliyotoka kutoboa zege ina joto lake tayari. Iweke kivulini ipoe kwanza. Friji hapana, inaleta unyevu kwenye vyuma vyake. (Nimeshaona mtu kaiweka kando ya maziwa.)

SeremalaKeko
Naongezea kwa wenye zile za bei chee zilizoandikwa 48V, 88V, hata 128V. Nyingi nilizofungua ni seli tano zilezile, volti 21. Namba ni ya kuuzia. Chaja zake nyingi ni za pini ya duara, na pini ya chaja ya volti 21 inaweza kuingia kwenye betri ya drili ndogo ya volti 12. Soma kibandiko cha chaja kila mara. Mimi nachajia kwenye sakafu ya saruji, mbali na maranda na thina, na tukifunga karakana hakuna kinachobaki kwenye umeme. Vijana wananiita mwoga, sawa tu.

FundiAlumini_Mza
Nimewaelewa wakuu. Hii mbovu niitupe wapi? Jalala letu huwa linachomwa moto.

MzeeSpana
Basi usiitupe huko. Ziba vyuma vyake kwa tepu ya umeme, iweke kwenye ndoo ya bati yenye mchanga, nje ya nyumba, kisha muulize aliyekuuzia kama anapokea mbovu. Wa vyuma chakavu usimpe, ataipasua kwa nyundo. Na ile nzima, ukijua hutaitumia muda mrefu, iache na chaji nusu.