Ombi la uteuzi Manitoba halijajibiwa na kibali cha kazi kinaelekea kuisha, nifanyeje?

Fundi wa Chumbageni

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Tanga, fundi wa malori na mitambo mizito. Niko Brandon, Manitoba, huku Kanada. Nilikuja kwa kibali cha kazi kilichofungwa kwa mwajiri mmoja, kupitia LMIA, yaani idhini ya serikali kuu ya kuajiri mgeni, aliyoiomba mwenyewe. Kazi naipenda na tajiri hana neno na mimi. Baada ya kutimiza miezi sita gerejini niliweka jina kwenye mpango wa uteuzi wa jimbo, ule ambao jimbo linakuteua ili uombe ukaazi wa kudumu serikali kuu, nikapata barua ya kualikwa, nikapeleka nyaraka zote ndani ya zile siku 60 wanazotoa na kulipa ada ya dola 500. Tangu hapo kimya.

Nikitoka kazini usiku, mikono bado inanuka dizeli, nafungua akaunti yangu kwenye tovuti ya jimbo kabla hata ya kula. Maneno ni yale yale, ombi linashughulikiwa.

Kibali changu kinaisha mwezi wa nane. Kijana wangu mkubwa yuko chuo Dar, anatimiza miaka 22 mwezi wa sita, na nimesikia mtoto akifika 22 anatolewa kwenye faili la familia. Nilipopeleka ombi alikuwa na 21. Mama yake ananiuliza kila tukiongea na sina la kumjibu.

Juu ya hayo kuna gereji Winnipeg inanitaka kwa mshahara mzuri zaidi. Na kuna jamaa aliyejitambulisha kuwa wakala, anasema ana mtu wake ndani ya ofisi, nikimpa dola 3,000 faili litapandishwa juu. Sina raha kabisa. Waliopitia njia hii naombeni mnielekeze.

Pwani Kwetu

Pole sana mkuu. Mimi ningehamia Winnipeg. Fundi ni fundi popote, na jimbo ni lile lile. Ukikaa kusubiri karatasi unakosa hela iliyo mbele yako.

Mzee wa Saskatoon

Pwani Kwetu, nakuheshimu, ila huo ushauri utamponza mwenzetu. Kibali chake kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Akigusa spana gereji nyingine bila kibali kipya, anafanya kazi kinyume cha sheria. Halafu ombi lake Manitoba limesimama juu ya kazi hiyo hiyo aliyoifanya miezi sita na barua ya ajira ya tajiri huyo huyo. Akiiacha, ofisa hana cha kuteua. Mshahara wa Winnipeg autamani baada ya kupata ukaazi wa kudumu, wakati huo atafanya kazi anakotaka.

Sasa wewe Fundi, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nimeona ndugu zetu wengi wakiumia. Ombi la uteuzi halikupi ruhusa ya kukaa Kanada hata siku moja. Ofisi ya jimbo ni moja, ofisi ya uhamiaji ya serikali kuu ni nyingine. Faili lako linaweza kukaa jimboni kwa amani kabisa huku kibali chako kinakufa upande wa pili, na hakuna atakayekupigia simu kukukumbusha. Kwa hiyo acha kuitazama ile akaunti kila usiku. Tazama tarehe ya kibali.

Nenda kwa tajiri wiki hii, usingoje mwezi wa saba. Mwombe aanze LMIA mpya. Anatakiwa kuitangaza nafasi yako kwa wiki nne angalau kabla ya kuomba, halafu kuna muda wa kusubiri jibu. Ada yake ni dola 1,000 na ni yeye anayelipa, sheria inamkataza kukutoza wewe. Ikitoka, peleka ombi la kuongeza kibali kabla ya tarehe ya mwisho. Ukishalipeleka kabla ya tarehe, hata jibu likichelewa unaendelea kufanya kazi ile ile, kwa mwajiri yule yule, kwa masharti yale yale mpaka waamue.

Uteuzi ukitoka kabla ya hapo, mambo yanakuwa mepesi zaidi. Jimbo linakupa barua ya kuunga mkono kibali cha kazi na tajiri hahitaji tena LMIA. Ila usiweke matumaini yako yote huko.

Ukiipitisha tarehe, unazo siku 90 za kuomba kurudishiwa hadhi ya kukaa nchini kihalali, lakini muda wote huo huruhusiwi kufanya kazi. Kwa mtu anayetuma ada ya chuo Dar, hiyo ni balaa.

Kijana wa Bukavu

Kaka Fundi, mimi ningekushauri uombe ile nakala ya maelezo ya maofisa kuhusu faili lako, ile ya dola tano. Mimi iliniondolea wasiwasi, nikajua faili langu limefika wapi.

Mzee wa Saskatoon

Hiyo ni ya serikali kuu, Kijana. Itamfaa baadaye, akishapeleka ombi la ukaazi wa kudumu. Sasa hivi faili lake liko jimboni, huko juu hawana hata ukurasa mmoja wa ombi lake la uteuzi.

Mama Neema Winnipeg

Fundi kaka yangu, nianze na mtoto, maana hilo ndilo linalomnyima mama usingizi.

Umri wa mtoto kwa anayepitia uteuzi wa jimbo hauhesabiwi siku faili linapofika serikali kuu. Unafungwa siku ombi lako la uteuzi lilipopokelewa jimboni. Siku hiyo kijana wako alikuwa na 21, basi kwenye faili hili atabaki na 21 hata jimbo likichukua mwaka mzima. Mpigie mama yake leo umwambie. Wangu wa kwanza aliingia kwa mlango huo huo, alikuwa na 23 aliposhuka uwanja wa ndege wa Winnipeg.

Tafuta barua pepe ya kupokelewa kwa ombi, yenye tarehe. Ihifadhi, ichapishe, uwe nayo mkononi.

Lakini umri ni nusu ya habari. Mtoto anatakiwa awe hajaoa, na siyo siku ya ombi tu. Awe hajaoa mpaka siku anapopewa ukaazi. Akioa katikati, umri haumsaidii tena, ameshakuwa na familia yake. Tena wasidhani ndoa ni cheti tu. Hata bila ndoa, kuishi na mwenza mwaka mzima kama mke na mume kunahesabiwa vilevile.

Na watoto wote uliowataja Manitoba uwataje tena serikali kuu, hata yule asiyekuja. Wapimwe afya wote. Mtoto usiyemtaja, kumleta baadaye kwa kumdhamini ni mlango uliofungwa. Nawajua kina mama wanaolia hadi leo kwa ajili ya mtoto mmoja aliyeachwa nje ya fomu, eti kurahisisha mambo.

Huyo wa dola 3,000 mkimbie. Hakuna mtu wa ndani anayepandisha faili. Anayeruhusiwa kukuwakilisha kwa malipo ni wakili au mshauri aliyesajiliwa na chuo cha washauri wa uhamiaji, CICC, na orodha yao iko wazi mtandaoni, unaandika jina unaona kama yumo au hayumo. Akikujazia jambo la uongo, jina linalofungiwa miaka mitano ni lako.

Msafiri wa Nakuru

Mama Neema amesema ukweli mtupu. Mimi niongezee upande wa tajiri. Maofisa wa jimbo hupiga simu kazini kuhakiki. Mahali nilipokuwa nafanya kazi ofisa alipiga, simu akaipokea karani mgeni aliyekuwa hata hajanifahamu, akajibu kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Ilibidi meneja aandike barua ya ufafanuzi. Kwa hiyo mwombe tajiri awaambie wote wanaopokea simu kwamba kuna fundi anaitwa fulani, cheo chake ni hiki, anafanya saa kadhaa kwa wiki, analipwa kiasi hiki. Majibu yafanane na barua ya ajira neno kwa neno. Stabu zako za mshahara nazo zikae pamoja, wakiziomba uzitume siku hiyo hiyo.

Pwani Kwetu

Nimeelewa Mzee, asante kwa kunisahihisha. Nina swali, kwa nini imekuwa polepole hivi? Shemeji yangu alipitia hapo hapo Manitoba zamani kidogo na hakusubiri hivi.

Mzee wa Saskatoon

Nafasi zilikatwa. Mwaka 2025 serikali kuu ilishusha lengo la nchi nzima kwa wateule wa majimbo kutoka 110,000 hadi 55,000. Manitoba iliyokuwa na nafasi kama 9,500 mwaka 2024 ikaanza 2025 na 4,750. Baadaye majimbo kadhaa yaliongezewa kidogo. Kwa 2026 lengo la nchi limepandishwa hadi 91,500, kwa hiyo pumzi ipo, ila waliorundikana ni wengi na wanaokuja mbio ni wengi pia. Huku kwetu Saskatchewan waliweka hata kikomo kwa kazi za hoteli, migahawa, maduka na udereva wa malori. Wenzetu wa hizo sekta wana hali ngumu kuliko fundi wa mitambo.

Kijana wa Bukavu

Kaka, nilikosea ile ya maelezo ya maofisa, lakini hii naijua vizuri kwa sababu mdogo wangu ameiingia. Uko Brandon, na Brandon ni moja ya miji iliyochaguliwa kwenye mpango wa majaribio wa vijijini uliofunguliwa Januari 2025. Kwa Manitoba ni Brandon, Steinbach na eneo la Altona na Rhineland. Huo hautegemei nafasi za jimbo. Mwajiri lazima awe ameidhinishwa na mji, kazi yako iwe kwenye orodha yao, na uwe na uzoefu wa mwaka mmoja. Muulize tajiri kama ameidhinishwa. Usiache hilo la jimbo, tarehe ya mtoto imefungwa huko, na kwenye mpango mwingine hesabu ya umri inaweza kuanza upya. Ila ni vizuri kujua.

Na kwa wenzangu wa Kongo, Burundi na Rwanda mnaosoma hapa kimya kimya: Kifaransa chenu msikidharau. Kuna mpango kama huo wa jamii za wanaozungumza Kifaransa, na kwa Manitoba mji wake ni St. Pierre Jolys.

Fundi wa Chumbageni

Wakuu, sijui niwashukuruje. Nimeongea na tajiri asubuhi, amekubali kuanza LMIA na tangazo linawekwa wiki hii. Kuhusu ule mpango wa mji amesema atauliza. Yule wakala nimemfungia namba.

Ila Mama Neema umenigusa pabaya. Kijana ana mchumba. Posa ilishapelekwa Korogwe, imekubaliwa, na ndoa imepangwa baada ya Idi Kubwa. Kuna mtu nyumbani anasema wafunge kimya kimya msikitini, wasichukue cheti, Kanada haitajua.

Mama Neema Winnipeg

Hapana kaka. Hapana kabisa. Ndoa ya msikitini ni ndoa, na fomu atakayoisaini kijana inamuuliza kama ameoa. Akiandika hajaoa ilhali ameoa, amedanganya, na ubaya wake unarudi kwenye faili zima, la kwako, la mama yake na la mdogo wake. Halafu huyo binti wa watu? Siku kijana akitaka kumleta huku ataeleza nini, wakati kwenye karatasi hakuwahi kuwa na mke? Mtoto wa watu atakaa Korogwe anangoja.

Kijana wako ni mtu mzima. Mwelezeni kila kitu yeye mwenyewe, asisikie kwa watu. Anaweza kuoa sasa, ni haki yake, ila atoke kwenye faili na siku moja aje kwa njia yake. Au uchumba ubaki uchumba, ndoa isubiri mpaka apate ukaazi, aoe baada ya hapo, kisha amdhamini mkewe kwa jina lake na kwa ukweli. Wazazi wa binti nao waambiwe sababu, wasije wakadhani mmebadili nia.

Msafiri wa Nakuru

Naunga mkono. Uchumba haumzuii. Posa iliyokubaliwa siyo ndoa. Hakikisheni tu hawaanzi kuishi pamoja.

Fundi wa Chumbageni

Nimeelewa. Nilikuwa nafikiria kwenda Tanga mwenyewe kuzungumza na wazee. Nikisafiri mwezi wa tisa, nikiwa nasubiri jibu la kibali kipya, kuna shida?

Mzee wa Saskatoon

Ipo. Ile ruhusa ya kuendelea na kazi wakati unasubiri inakufaa ukiwa ndani ya Kanada. Ukitoka na kurudi kibali cha zamani kikiwa kimeisha, hurudi gerejini mpaka kipya kitoke. Na angalia viza iliyobandikwa kwenye pasipoti, tarehe yake na kama inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Hiyo ndiyo inayokupandisha ndege, kibali cha kazi hakikupandishi.

Fundi wa Chumbageni

Viza inaisha siku moja na kibali. Basi siendi. Barua pepe ya kupokelewa ombi nimeipata, nimechapisha nakala mbili, moja nimempigia picha mama yake. Jumapili kaka yangu mkubwa atakuwa Korogwe na mimi nitakuwa kwenye simu, tutakaa na wazee wa binti, na kijana mwenyewe atakuwepo. Nitaleta mrejesho hapa hapa.