Saa ya mkononi ya laki mbili mpaka laki nne kwa sisi wa Mtwara na Lindi: tupeane uzoefu

Mtu wa Shangani

Wakuu, habari za jioni. Natafuta saa ya mkononi. Mfukoni nina laki mbili, nikijibana sana inafika laki nne, nikizidisha hapo mama watoto hatanielewa. Kazi yangu ni ya ofisini hapa Mtwara mjini, ila wikiendi haipiti sijakanyaga maji: Msimbati, Mikindani, au nimevuka tu Msanga Mkuu kula samaki. Nataka saa moja ya kuvaa kote huko. Saa janja za kuchaji kila usiku sizitaki, simu yenyewe inanishinda.

Ombi langu: anayejibu aongelee saa aliyoivaa au aliyoifungua kwa mikono yake. Ya YouTube nimeshayamaliza.

Baharia Mikindani

Karibu mkuu. Mimi kazi yangu ni ya boti, kwa hiyo nitaongelea maji tu, ya fasheni watakuja wenyewe.

Saa nyingi za bei yako zimeandikwa nyuma 3 BAR au 30M. Watu wanasoma hiyo 30M wanadhani wameruhusiwa kuzama mita thelathini. Hapana. Hicho ni kipimo cha maabara, saa imetulia, hakuna mkono unaopiga maji. Huku kwetu 30M maana yake ni mvua na kunawa. 50M unaogelea polepole. 100M ndiyo ya kuanzia kwa mtu anayeruka kutoka kwenye boti. 200M huna wasiwasi, na ikiwa imeandikwa DIVER'S 200M maana yake imepimwa kwa kiwango cha wazamiaji, ISO 6425.

Halafu kuna chumvi, ambayo ndiyo inaua saa nyingi kuliko maji. Inakauka kwenye kitufe cha pembeni na kwenye vile vipini viwili vinavyoshika mkanda. Mwenzangu mmoja alikuwa na saa nzuri tu ya chuma, siku hiyo anavuta kamba ya nanga, kipini kikakatika na saa ikaenda chini. Kipini kilikuwa kimeliwa na kutu, kimebaki kama sindano. Mimi nikirudi jioni naisuuza yangu kwa maji ya bomba, nafuta, basi. Na usiguse kitufe saa ikiwa bado imelowa.

Ninayovaa ni Casio G-Shock DW-5600, ya 200M. G-Shock ya kwanza ilitoka 1983 na hii umbo lake halijaachana nayo sana. Inaingia kwenye bajeti yako na chenji inabaki. Ila kuwa makini, zile za elfu kumi na tano zinazoning'inia stendi zina jina hilohilo. Feki nilizoziona zinawaka taa ya rangirangi, yangu inawaka rangi moja.

Chuma Ulete

Simu ina saa. Laki nne ni mifuko mingapi ya saruji?

Sista wa Zamu

@Chuma Ulete kaka yangu, jaribu kuhesabu pumzi za mtoto mchanga kwa dakika nzima huku umeshika simu mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, halafu urudi hapa.

Mimi ni muuguzi. Saa yangu ni Casio ya betri ya mishale, uso mweupe, namba zote kumi na mbili zipo, mshale wa sekunde mwekundu. Ukiwa wodini usiku unaelewa kwa nini saa yenye vistari tu badala ya namba ni pambo. Naibana kifuani kwenye sare, siivai mkononi, maana tunanawa mikono kutwa na chini ya mkanda uchafu unajificha.

Watakwambia otomatiki, ile isiyo na betri inayojitia ufunguo mkono ukitembea, ndiyo saa ya mtu mzima. Sawa, lakini saa ya betri ya kawaida inakosea kama sekunde 15 mpaka 20 kwa mwezi, na otomatiki inaweza kukosea hizo kwa siku moja. Kwa kuhesabu mapigo ya dakika moja hakuna tofauti, nakubali. Ila kwa mtu anayepanda basi la alfajiri kwenda Dar, baada ya wiki mbili bila kuirekebisha ataanza kuona tofauti.

Na dada zangu mnaopita humu: chukua uzi, zungusha kifundo cha mkono, pima kwenye rula kabla hujanunua. Saa ya milimita 42 kwenye mkono wa sentimita 15, yale masikio yanayoshika mkanda yanatokeza nje kila upande.

Fundi Masasi

Salaam wote. Nimekaa kwenye meza ya saa toka kijana, nimerithi kwa marehemu mjomba. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Ukipewa saa, igeuze kwanza. Imeandikwa STAINLESS STEEL BACK? Basi imekwambia ukweli wote: kisichoshika kutu ni kile kifuniko cha nyuma peke yake. Mwili ni madini ya bei rahisi yaliyopakwa rangi ya fedha au dhahabu. Jasho la huku likishapata mwanya, rangi inaanza kubanduka upande wa ndani unaogusa ngozi, unaona wekundu wa shaba, kisha mkono unawasha. Maneno hayo utayakuta hata kwenye Casio halali za plastiki, hapo hayana ubaya kwa sababu plastiki haijifanyi chuma. Ubaya ni saa inayong'aa mwili mzima na chuma ni mfuniko tu. Unayoitaka imeandikwa STAINLESS STEEL bila hiyo BACK.

Pili, mashine. Kwa otomatiki za bei hii, mezani kwangu nyingi ni Seiko 5. Jina hilo lipo toka 1963. Zile ambazo namba ya modeli inaanza na SNK au SNXS zina mashine ya 7S26. Ukivuta kitufe mshale wa sekunde hausimami, na huwezi kuitia ufunguo kwa mkono. Unaitikisa kidogo, inaamka, unaivaa. Ukiivua ikiwa imejaa inatembea kwa muda wa saa 40 hivi. Nimefungua zilizovaliwa miaka na miaka bila kusafishwa, mafuta yamekauka kabisa yamekuwa kama gundi, na bado gurudumu linazunguka. Mashine ya 4R36 iliyokuja baadaye inakubali kutiwa ufunguo na sekunde inasimama. Hiyo ndiyo iko kwenye Seiko 5 Sports za kuanzia 2019, ambazo nyingi ni 100M, ila mpya kabisa sidhani kama laki nne yako itatosha.

Sasa mleta uzi, SNK nyingi ni 30M. Kwa hiyo ofisini sawa, Msimbati iache nyumbani. Umesikia alichosema baharia.

Tatu, na hapa ndipo pesa za watu zinapotelea: Seiko za zamani zilizopakwa upya. Zinakuja zina uso wa rangi kali, zambarau, kijani cha majani, chungwa, unaipenda ukiwa mbali. Isogeze karibu na macho. Maandishi ni manene, herufi zinavuja pembeni, alama za saa zimekaa upande. Kisha angalia namba. Kwenye mfuniko kuna namba ya mashine na mwili, mfano inaanza 7S26 au 7009. Chini kabisa ya uso wa saa, karibu na namba sita, kuna maandishi madogo sana yanayoanza na namba ya mashine hiyohiyo. Chukua kioo cha kukuzia, au kamera ya simu. Nyuma inasema 7009 na mbele inasema kitu kingine, au hakuna kitu? Hiyo imeunganishwa kutoka kwenye saa tofauti. Si lazima iwe mbaya, mimi mwenyewe naziunganisha mtu akitaka, lakini bei yake si ya saa nzima.

Kwenye mfuniko huohuo kuna namba ya mfululizo. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, na Oktoba, Novemba na Desemba zinaandikwa O, N na D. Saa ikianza na 4N, ni Novemba ya mwaka unaoishia na 4. Muongo gani, hapo utasema mwenyewe kwa kuangalia aina ya saa.

La mwisho, msibadilishe tarehe kwa kitufe usiku, kuanzia saa tatu mpaka saa kumi hivi. Meno ya tarehe yanakuwa yameshashikana. Mnaniletea yamevunjika.

Mkulima Newala

Shikamoo fundi. Umenikumbusha mambo ya mnada. Huku korosho zikishalipwa, Oktoba, Novemba, wauza saa wanatuibukia hadi vijijini na saa za dhahabu zenye vijiwe. Kijana analipa laki moja na nusu bila kuuliza. Ikifika Juni, Julai tunapulizia salfa, saa hiyo imeshakuwa nyeupe na vijiwe vimebaki vitatu.

Mimi navaa Seiko 5 ya marehemu baba, aliichukua Dar miaka ya themanini. Kioo kimechubuka, ila inatembea. Unga wa salfa unaingia kwenye pingili za mkanda, naupiga mswaki na sabuni.

Fundi Masasi

@Mkulima Newala marahaba. Hiyo usimpe mtu ang'arishe mwili kwa mashine, atakula kona zote. Kioo tu kibadilishwe, na mpira wa mfuniko kama umekakamaa. Kabla ya hapo usiipige mswaki kwa maji mengi.

Zamu ya Usiku Lindi

Mimi nilipita njia nyingine: Citizen Eco-Drive, BM8180. Ni saa ya betri lakini inachajiwa na mwanga, wa jua au hata wa taa. Ikijaa, inakaa gizani miezi sita. Niliichukua ikiwa imetumika, laki mbili na sabini, kwa mtu aliyehama Lindi.

Faida yake kwa mtu wa kusini: hakuna kufungua mfuniko kila miaka miwili kubadilisha betri. Na ukichunguza, saa nyingi zinaanza kuingiza maji baada ya kufunguliwa, kwa sababu mpira umerudishwa umejikunja au haukurudishwa kabisa. Yangu ni ya 100M, Kitunda naogelea nayo.

Kasoro: kioo ni cha kawaida, na mkanda wa kitambaa ulianza kunuka mapema nikautupa. Na usiifungie kabatini miezi. Ukiona mshale wa sekunde unaruka mbilimbili, haijaharibika, ina njaa. Iweke dirishani. Dirishani lakini, sio juu ya dashibodi ya gari saa nane mchana.

Mwalimu wa Nachingwea

Kwa tulio mbali na maduka: mimi niliagiza Kariakoo, ikaja kwa basi. Kabla sijatuma hela nilimwambia muuzaji anirekodie video fupi, mshale wa sekunde unatembea, aigeuze nionyeshwe mfuniko, na pembeni aweke karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Wa kwanza alikuwa mkali, "kama huniamini acha". Nikaacha. Wa pili alirekodi bila maneno.

Saa ni Casio Duro, MDV-107. Mtu wa Shangani, nadhani hii ndiyo yako. Mwili chuma, 200M, kitufe cha pembeni kinafungwa kwa kuzungusha, ina mshale na tarehe, betri. Mimi imenitoka laki moja na themanini pamoja na nauli ya kifurushi. Haina neno DIVER'S, lakini kwa kuogelea nani anauliza. Tatizo ni ukubwa, milimita 44. Mkono wangu ni wa kushika jembe, kwangu haina shida.

Mtu wa Shangani

Asanteni sana, nimepima kwa uzi kama alivyosema sista, nina sentimita 17 na kidogo. Duro imeniingia akilini. Swali: wengine wananiambia nisinunue chochote kisicho na kioo cha safaya. Ni kweli?

Baharia Mikindani

Mchanga wa bahari una kwatzi nyingi, madini ambayo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 mpaka 10. Kioo cha kawaida ni kama 5 na nusu, safaya ni 9. Kwa hiyo ukilala ufukweni na mkono ukasugua mchanga, kioo cha kawaida kinachubuka na safaya hakichubuki. Hesabu ni hiyo tu.

Fundi Masasi

Kweli, ila safaya ikigonga kona ya saruji inapasuka, na kukipata kioo chake huku ni kuagiza. Cha kawaida cha duara nakikata au nakipata kwa bei ya chakula cha mchana. Na kwa bei hiyo wengi wanaandika safaya na si safaya. Futa kioo kikauke, dondoshea tone moja la maji, uiinamishe. Kwenye safaya tone linajikusanya na kukaa, kwenye kioo cha kawaida linatambaa. Si kipimo cha mahakamani, maana vioo vingine vimepakwa dawa, ila waongo wengi kinawakamata. Kwa Duro usiumize kichwa, ni kioo cha kawaida na kinatosha.

Chuma Ulete

Haya, mmenishawishi. Ile Casio ndogo ya dijitali F-91W bado ipo?

Sista wa Zamu

Ipo kaka, toka 1989 haijaondoka. Betri yake inakaa kama miaka saba. Na mifuko yako ya saruji utabaki nayo.

Mtu wa Shangani

Fundi, la mwisho. Duro inakuja na mkanda wa mpira. Ofisini nataka wa ngozi. Huko Masasi unao?

Fundi Masasi

Duro inachukua mkanda wa milimita 22, ninao. Ngozi kwa joto hili na jasho la pwani haikai mwaka ukiuvaa kila siku, hata ukiambiwa ni ngozi ya nini. Uvae ofisini, wikiendi rudisha mpira. Nitakuwekea na vipini vipya vinene kidogo, vya kiwandani ni vyembamba. Ila uje na saa yenyewe, usinitumie picha WhatsApp.