Matawi mawili, tawi moja, au kila toleo na tawi lake? Naomba ulinganisho

dau_la_usiku (Chumbageni, Tanga)
Wakuu, salaam. Tuna programu huria ya kuandika mzigo wa samaki na bei za mnada, inatumika pale Deep Sea. Msimbo tunautunza kwa Git (programu inayohifadhi kila badiliko), na kazi zote tunazifanya kwenye tawi (nakala sambamba ya msimbo) la develop. Tawi la main ndilo linalopanda seva, yaani ndilo mnada unaloliona. Juzi nilirekebisha kosa dogo, nikaunganisha develop kwenye main nikalala. Kumbe ndani kulikuwa na kazi ya mwenzangu haijaisha, ile ya kuuza kwa ndoo badala ya kilo. Saa kumi na mbili asubuhi mnada umechangamka, simu ya karani inaonyesha jodari shilingi 0. Nimetukanwa kwa Kiswahili na kwa Kidigo. Tufanyeje?

binti_raskazone
Pole ndugu yangu. Huo ni Git Flow, mfumo wa matawi alioueleza mtengeneza programu Vincent Driessen mwaka 2010, ila wengi tunausoma nusu. Dharura haipiti develop. Unakata tawi la hotfix kutoka main, unarekebisha, unaunganisha main, kisha unarudisha develop. Kwa hiyo mfumo hauna kosa, kosa lako (sikuchokozi). Hata hivyo mwaka 2020 Driessen mwenyewe aliongeza maelezo kwenye makala yake kwamba programu ya wavuti inayopandishwa kila mara inafaa mfumo mwepesi zaidi. Una seva moja, develop ya nini?

mzee_wa_seva
Naunga mkono. Main iwe moja, na matawi ya kazi yawe kama msemo wetu wa Tanga: waja leo, waondoka leo. Tawi likilala siku tatu naanza kumuuliza mwenyewe. Kazi ambayo haijaisha iingie main lakini ifichwe nyuma ya swichi kwenye mipangilio: UZA_KWA_NDOO=hapana. Mnada hauioni. Gharama yake ni kwamba swichi husahaulika. Mimi nilikuta moja ina miaka miwili, hakuna anayejua ilizima nini. Na main ifungwe, asisukume mtu msimbo moja kwa moja, majaribio ya msimbo yapite kwanza. Bila majaribio tawi moja ni hatari kuliko hayo mawili yako.

karani_wa_kigombe
Mnasema seva moja, na mimi ninayezunguka Kigombe na Moa na simu za makarani? Mtandao ukikosekana hawasasishi. Kuna simu ziko toleo la 2.1, nyingine 2.3. Kosa la bei likitokea 2.1 siwezi kumwambia mtu apokee main nzima katikati ya msimu. Huku tunahitaji tawi la kila toleo.

binti_raskazone
Hapo una hoja. Basi mchague mwelekeo wa marekebisho. Mradi wa Django (programu huria ya kujengea tovuti) hurekebisha main kwanza, kisha komiti (badiliko lililohifadhiwa) ile ile inanakiliwa kwenye tawi la toleo kwa git cherry-pick. Mradi wa Git wenyewe hupenda kinyume: anza tawi la zamani kabisa lenye kosa, halafu unganisha kupanda juu. Njia ya pili haisahau kitu, kwani kilichorekebishwa chini lazima kifike juu. Ila mchangiaji mgeni itamchanganya. Kwa watu wachache ningeanza na ya Django.

mzee_wa_seva
Na tawi lolote halikuokoi na hifadhidata. Ukirudisha msimbo wa jana, safu (kolamu ya jedwali) uliyoifuta leo hairudi. Ongeza safu mpya kwanza, pandisha, ya zamani uifute toleo lijalo.

dau_la_usiku
Nimeelewa. Seva: main na matawi mafupi. Simu: tawi la 2.1 na la 2.3, marekebisho yaanzie main. Nimeshabandika lebo za matoleo, na develop nimeifuta sasa hivi.

karani_wa_kigombe
Mkuu, na maombi yetu matatu ya kuunganisha mabadiliko, yaliyokuwa yanaelekea develop, sasa yataingia wapi?

dau_la_usiku
Astaghfirullah.

binti_raskazone
Tulia, nakala ya develop ninayo kwenye mashine yangu. Naisukuma tena, muyaelekeze main, ndipo uifute.