MSDP iko Up, lakini wapokeaji wa upande wa pili hawapati picha

Swali
Wakuu, nina ruta mbili za Cisco IOS, R1 na R2. Zote ni RP (mahali chanzo cha multicast na wapokeaji hukutanishwa) kwa anwani moja ya pamoja, 10.0.0.100/32, iliyo kwenye Loopback1 (kiolesura cha ndani ya ruta). Loopback0 ya R1 ni 10.0.0.1, ya R2 ni 10.0.0.2. Kamera 10.20.0.15 iko upande wa R1 na inarusha kundi 239.10.10.5. Walio upande wa R1 wanaona picha, wa R2 hawaoni kitu. Nimewasha MSDP ili RP hizi zipeane habari za vyanzo; `show ip msdp summary` inasema Up kote, ila SA Count (idadi ya taarifa za vyanzo, Source-Active) ya R2 ni 0. Kwenye R1 nimeweka:

`ip pim rp-address 10.0.0.100`
`ip msdp peer 10.0.0.2 connect-source Loopback0`

R2 ni vivyo hivyo, peer (mwenza wa MSDP) ikiwa 10.0.0.1. Nimekosea wapi?

Jibu 1
Umeacha mstari mmoja, mkuu. Hiyo Up maana yake TCP 639 imeshikana, basi. Kila ujumbe wa SA hubeba anwani ya RP iliyouanzisha, na usipoitaja, R1 inaandika 10.0.0.100. R2 ikiusoma inakuta anwani yake yenyewe, inauhesabu kuwa umezunguka ukarudi, inautupa. Weka kwenye ruta zote mbili:

`ip msdp originator-id Loopback0`

SA hutumwa upya kila sekunde 60. Subiri kidogo, kisha piga `show ip msdp sa-cache` kwenye R2.

Jibu 2
Ongeza na `router-id` (kitambulisho cha ruta, kisichopaswa kufanana) ya OSPF, itifaki ya njia kati ya ruta, kwa mkono: 10.0.0.1 na 10.0.0.2. Usipoiweka, OSPF huchukua loopback yenye anwani kubwa, yaani 10.0.0.100 kwa zote. Leo huenda usione tatizo kwa sababu Loopback1 iliongezwa OSPF ikiwa tayari inafanya kazi; siku umeme ukikatika ruta zikawaka upya, ujirani hautashikana tena.

Muulizaji
Asanteni. SA sasa imeingia, na mroute (jedwali la njia za multicast) ya R2 ina herufi M, yaani imetokana na MSDP. Picha bado. Incoming interface inasema Null, RPF nbr (jirani wa kuelekea chanzo) 0.0.0.0.

Jibu 1
Hapo MSDP imemaliza kazi yake: imeiambia R2 chanzo kiko wapi. Kukifuata huko ni kazi ya PIM, itifaki inayojenga njia ya multicast kati ya ruta. Bila shaka kiungo cha R1 na R2 hakina `ip pim sparse-mode`. Kila upande ulikuwa na RP yake karibu, na MSDP hupita kama TCP ya kawaida, ndiyo maana upungufu huo ulijificha. Weka amri hiyo ncha zote mbili, thibitisha kwa `show ip pim neighbor`, halafu `show ip rpf 10.20.0.15`.

Muulizaji
Ncha ya R2 haikuwa nayo. Picha imekuja.

Jibu 2
Ukileta R3, tumia `ip msdp mesh-group` (kundi la peer wa MSDP), na kila ruta iwe na peer kwa kila nyingine. Ndani ya mesh, SA haisambazwi tena na aliyeipokea, kwa hiyo ukiruka jozi moja, jozi hiyo haitasikiana.