Tupeane uzoefu: kanuni za karakana ya serikali, ipi umeiona ikivunjwa na nini kikatokea?

Grisi Mkononi (mleta mada): Wakuu habari za jioni. Nipo karakana ya serikali mkoani, upande wa magari mazito. Ukutani kuna ubao wa kanuni, rangi imeshapauka: vaa overoli, usivute sigara, usiwashe mashine usiyoifahamu, gari lisiingie bila kadi ya kazi (karatasi inayoonyesha gari gani linafanyiwa kazi gani, na nani). Kila mtu anaujua kwa kichwa na kila mtu anaupita. Tunapokea vijana wa VETA kwa mafunzo kwa vitendo, nimepewa kuwaelekeza. Sitaki kuwasomea ubao, nataka visa vya kweli. Leteni.

Stendi Ziko Wapi: Halmashauri moja, Land Cruiser imeinuliwa kwa jeki, fundi yuko chini anashughulika na gia boksi. Stendi za kukingia gari lililoinuliwa zipo stoo, mwenye stoo kaenda benki na funguo, wakakingia gogo. Dereva hana habari, akafungua mlango kuchukua chaja ya simu. Gogo likateleza. Kilichomuokoa fundi ni tairi lililovuliwa, lilikuwa limelazwa palepale na gari likalikalia. Siku hizi tairi linasukumwa chini ya chesisi kabla mtu hajaingia, hata stendi zikiwepo. Na ufunguo wa gari unakaa mfukoni mwa aliye chini.

Mama Stoo: Nitetee stoo kidogo. Nikitoa miwani asubuhi, jioni zinarudi nusu. Nikidai sahihi naambiwa nina roho mbaya. Haya, kisa changu: kijana aliona koki ya mtungi wa oksijeni ngumu, akachota grisi alainishe. Mzee wa kuchomelea alipiga kelele mpaka ofisini wakatoka. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na grisi au mafuta inaweza kulipuka bila hata kiberiti. Kwenye ubao wetu hilo halikuwepo, tuliliongeza wenyewe kwa maka.

Dada wa Umeme: Pete. Fundi alishika spana kwenye chanya ya betri, pete ikagusa spana na bodi kwa pamoja. Ilikuwa nyekundu kabla hajaitoa, na kidole kina alama mpaka leo. Waambie wavue pete na saa, waanze kufungua hasi. Halafu tuseme ukweli, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Nilikopita, buti mpya zilitoka stoo siku ya ukaguzi tu, jioni zikakusanywa kama sare za kwaya.

Fundi Mstaafu: Vijana, mnaona usalama ni habari nyingine na nidhamu ni habari nyingine. Sikilizeni. Jumamosi jioni likaingizwa gari la mkubwa mmoja, si la serikali, bila kadi ya kazi. Kijana akapewa grainda iliyovuliwa kava ili disk kubwa iingie. Disk ikapasuka, ikamchana mkono mpaka kwenye mishipa. Mkuu wa karakana akasema siku hiyo kijana hakuwa kazini. Kadi hakuna, kitabu cha ajali hakina mstari, mwenye gari hapokei simu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unahudumia sekta ya umma na binafsi, anayechangia ni mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Lakini ni lazima ionekane uliumia ukiwa kazini, na yeye ataonyesha nini? Tukamchangia wenzake. Mkono haukunyooka tena. Ningekuwa wewe, ningeanza na kadi ya kazi, buti na miwani vifuate.

Spana 17: Mzee shikamoo. Sasa kijana wa mafunzo atamkatalia nani? Bosi kasema fanya, yeye amwambie lete kadi?

Fundi Mstaafu: Marahaba. Hamkatalii. Anasema, "Sawa bosi, naomba uniandikie kadi nianze." Wengi wakifika hapo wanakumbuka wana kikao.

Tenki Tupu: 😂😂 Kweli kabisa. Naongeza moja: tenki la petroli tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana mvuke uliobaki umechanganyika na hewa. Nimeona dramu "lililokauka wiki nzima" likirusha kifuniko chake juu ya paa baada ya kuguswa na moto wa kukatia. Aliyekuwa anakata alisimama pembeni, ndiyo maana yupo.

Grisi Mkononi: Nanakili yote. Kwetu watu wanajipuliza vumbi mwilini kwa hewa ya kompresa kabla ya kwenda kula. Kuna mwenye kisa?

Stendi Ziko Wapi: Kwetu kipande cha chuma kiliruka kikaingia jichoni mwa aliyesimama jirani. Hewa hiyo ikipata jeraha inaweza hata kuingia chini ya ngozi. Na breki za magari ya zamani usizipulize kabisa, vumbi lake linaweza kuwa na asbesto, futa kwa kitambaa kilicholowa. Tuliacha bomba, tukanunua brashi.

Mama Stoo: Brashi ambayo nayo haijarudi stoo.