Mjadala: Tangazo lisiloeleweka, hasara abebe nani?

Mdau wa Kibosho
Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limeniudhi. Ofisi moja huku kwetu ilibandika tangazo: "Fomu za miche ya kahawa zirudishwe tarehe 30, mwisho saa sita." Mzee wangu akapeleka yake saa tisa alasiri, akijua muda anao hadi usiku. Wakamrudisha, eti saa sita ni ya mchana, kila mtu anajua. Nauliza: tangazo la umma likiwa na utata, mwananchi ndiye abebe hasara? Mimi nasema lifutwe, litolewe upya.

Chalii wa Ngarenaro
Hapana aisee. Ofisi gani inapokea fomu saa sita usiku? Hapo hakuna utata wowote, mzee hakuuliza. Watu wa Moshi mnapenda kesi.

Wakili wa Soweto
Kwenye mikataba kanuni ipo siku nyingi: kifungu chenye maana mbili husomwa dhidi ya aliyekiandika, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwake. Kwenye jinai nako, sheria ikiwa na utata, mshtakiwa ndiye hunufaika. Tangazo si mkataba, sawa, lakini neno moja tu, "mchana", lingemaliza yote. Wa kuliandika alikuwa ofisi, si mzee.

Chalii wa Ngarenaro
Sasa tunaletewa jinai kwenye miche ya kahawa!

Mwalimu wa Majengo
Chalii unasema hakuna utata, na wengine kila kisichoeleweka mnakiita utata. Tutenganishe. Sentensi ikibeba maana mbili, na kila moja iko wazi, huo ni utata. "Saa sita" ni mfano halisi. Maelezo yakipingana yenyewe kwa yenyewe, juu "bure", chini "lipia elfu tano", huo ni mkanganyiko. Mtu akijua jibu ila anaogopa kulitoa, anamung'unya maneno. Na akikupeleka huku na kule usifike kwenye hoja, huyo anazunguka mbuyu. Ninalisisitiza kwa sababu dawa yake si moja. Utata unatibiwa kwa neno moja la ziada. Anayemung'unya maneno hata umwongezee kurasa kumi hatasema. Huyo anadaiwa jibu la ndiyo au hapana, mbele ya watu. Tukivitupa vyote kapu moja, ofisi inapata pa kujificha. Kuuma maneno ni habari ya matamshi, hiyo nendeni Arusha mkasikie wenyewe.

Chalii wa Ngarenaro
Mwalimu, hapo umetukosea heshima. Nani anauma maneno? Chuga tunaongea haraka, na tunaelewana kuanzia Kijenge mpaka Sakina. Nyie mangi wa Moshi mtu anaongea nusu saa hujui anauza au ananunua.

Mwalimu wa Majengo
Nimetaja matamshi, sijatukana mtu.

Chalii wa Ngarenaro
Umetaja mji wangu.

Bi Pangani
Wanangu, mimi ni wa Pangani, nimeolewa Moshi. Arusha na Moshi wote mna "huwaga" na "naendaga". Ukishasema "naenda kila siku", hiyo "ga" inaongeza nini? Msikemeane kwa jambo mnaloshiriki.

Mama Kaloleni
Shikamoo Bi Pangani. Kwa heshima, hata pwani hamkuwa na Kiswahili kimoja. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Si Kimvita cha Mombasa, wala si cha Pangani. Kwa hiyo sote tumejifunza cha jirani.

Bi Pangani
Marahaba mwanangu. Unguja ni ng'ambo ya maji tu, si sawa na kuivukia milima.

Mdau wa Kibosho
Jamani, tangazo…

Chalii wa Ngarenaro
Tangazo lilikuwa la Kiswahili, bado hamkuelewa. Si ilitungwa sheria enzi za Magufuli, mahakama zote Kiswahili? Imesaidia nini?

Wakili wa Soweto
Ni marekebisho ya 2021, kifungu cha 84 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Mwaka huohuo, Februari 1, Siku ya Sheria, Jaji Galeba alipandishwa Mahakama ya Rufani. Magufuli alimsifu hadharani kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mahakama za mwanzo zenyewe zilikuwa zikitumia Kiswahili tangu zamani.

Mama Kaloleni
Wakili msomi, nisaidie basi. Kesi yangu ya kiwanja iliisha baada ya hiyo sheria, na hukumu nimepewa ya Kiingereza. Inakuwaje?

Wakili wa Soweto
Mama, sheria iliuacha mlango. Kiingereza kinaruhusiwa pale maslahi ya haki yanapohitaji.

Mama Kaloleni
Haki ya nani? Mwenye kiwanja ni mimi, na hiyo hukumu nasomewa na mtoto wa kidato cha pili. Mwalimu, haya maneno "maslahi ya haki" uyaweke kapu gani?

Mwalimu wa Majengo
Kumung'unya, mama. Na sheria inayomung'unya idaiwe jibu kama ofisi yoyote.

Chalii wa Ngarenaro
Hapo Mwalimu nakuunga mkono. Ila Arusha bado tunakudai.